Kupakia si kufungasha

Kosa nililokwenda kulisahihisha Junda, kule Kisauni, wiki iliyopita lilikuwa langu mwenyewe, tena la neno moja tu.

Mwana wa ndugu yangu ameandika programu ya kuweka hesabu za kikundi cha wavuvi. Aliniomba nimfasirie maagizo ya Gradle, zana aitumiayo. Palipotakiwa programu ifungashwe, mimi nikaandika “pakia”. Kijana akaelewa wanavyoelewa watu wa simu: akachukua faili moja, akaipakia kwenye flashi, akampelekea katibu. Ilikuwa siku ya kugawana pesa. Faili ikakataa katakata. Akanipigia: “Ami, kwangu yaenda sawasawa, huku yakataa!” Wavuvi wakangoja hadi magharibi.

Hebu tuanze na zana yenyewe. Gradle, kama Ant na Maven zilizoitangulia, wengi huiita zana ya kujenga. Mimi napendelea kuunda. Nyumba hujengwa ikabaki pale pale. Chombo huundwa ufuoni, kisha kikashuliwa majini kiende zake. Programu nayo ni ya kusafiri.

Zana hiyo huongezewa programu-jalizi, yaani kijiprogramu kinachoijaliza kazi isiyokuwa nayo. Ni kama kiambishi kinavyoupa mzizi -pik- kazi mpya: pikia, pikisha. Na kama kiambishi kinavyofuata irabu ya mzizi, tukasema pikia lakini somea, ndivyo jalizi nzuri inavyofuata desturi za zana. Huzitafuta faili mahali zinapowekwa siku zote, haimlazimishi mtu kueleza kila kitu upya.

Jalizi ya Gradle iitwayo “application” ina kazi mbili kuu. Ya kwanza ni kuendesha programu pale pale kwenye tarakilishi ya mwandishi, ambako maktaba zake zote zipo karibu. Ya pili ni kufungasha: programu, maktaba zake, na hati ndogo za kuianzisha katika Windows au Linux hutiwa katika furushi moja. Java yenyewe haimo furushini. Sharti iwepo huko liendako. Kazi ya kufunga furushi nayo huachiwa jalizi nyingine, “distribution”.

Uzuri wake ni huu: jina la darasa kuu, ambako programu huanzia, hutajwa mara moja tu, likatumiwa na kazi zote mbili. Kwa hiyo ulichokijaribu ndicho kinachosafiri. Anayesanifu jalizi yake asiweke orodha mbili, moja ya kuendeshea, nyingine ya kufungashia. Zikitofautiana tu, hapo ndipo “kwangu yaenda” huzaliwa.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tukaona kwamba programu za ofisi zaweza kusema Kiswahili. Sasa zamu ni ya zana za waundaji, na huko istilahi ikiteleza, kazi huharibika.

Jamani, Mswahili anayehama hufungasha kwanza, ndipo akapakia. Nililijua hilo tangu utotoni, nikalisahau mbele ya tarakilishi. Nililifuta neno langu, kijana akafungasha upya, na katibu akazisoma hesabu barazani, jina baada ya jina.