Neno “Kura” na Mafunzo ya Historia ya Haki ya Kuchagua katika Shule za Karatu na Ngorongoro

Mwalimu wa sekondari afundishaye historia ya haki ya kupiga kura katika Karatu na Ngorongoro ana msaada mmoja ambao aghalabu husahauliwa, nao ni maneno yenyewe. Wanafunzi wake hutoka katika nyumba zinazosema Kiiraqw, Kidatoga, Kimaasai na, kando ya Ziwa Eyasi, Kihadza. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Yafaa basi somo lianzie hapo.

Neno kura asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza si uchaguzi bali ni bahati. Watu walipotaka kugawana mali au kupangiana zamu walipiga kura, na aliyeangukiwa hakuwa na mtu wa kumlaumu, kwa kuwa hapakuwa na aliyemchagua. Maana hiyo ingali hai katika Biblia ya Kiswahili, katika habari ya askari waliogawana mavazi ya Yesu. Uchaguzi wa kisasa ulipoingia, neno hilo likapewa kazi iliyo karibu kinyume cha ile ya kwanza: tendo la kuyaachia mambo yaamuliwe na bahati likawa tendo la mtu kutumia hiari yake. Mwanafunzi akiambiwa hivyo mapema, ataona kwamba hiari hiyo si kitu cha tangu kale. Ilipatikana kwa hatua, na kila hatua ina mwaka wake.

Hatua ya kwanza katika Tanganyika ni uchaguzi wa 1958 na 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21, na pamoja na hayo awe na mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Tena alilazimishwa kuwachagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ndiyo sababu mpango huo ukaitwa kura tatu. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8, walioandikishwa hawakufika 60,000. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi ni wangapi katika babu na bibi zao wangeliruhusiwa kupiga kura. Jibu watalitafuta nyumbani, wala si kitabuni.

Hatua ya pili yawahusu wataalamu wa lugha hasa. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa: ilitosha mtu kuwa na mapato ya shilingi 1,500, au kujua kusoma na kuandika Kiingereza au Kiswahili. Hivyo kusoma Kiswahili kukawa mlango wa haki ya uraia. Lakini mlango huo haukuwa na upana sawa kwa wote. Mzee wa Kiiraqw au wa Kimaasai aliyejua sheria na desturi za watu wake, asiyejua kusoma wala kuwa na mapato hayo, aliachwa nje.

Hata hivyo, waliopiga kura walionyesha hiari yao. Karatu siku hizo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Katika viti 71 vya nchi nzima, TANU ilipata 70. Kiti kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Hapo Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Mfano huu wa karibu wafundisha maana mpya ya neno kura kuliko maelezo marefu.

Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais, masharti ya kusoma na ya mapato yaliondolewa. Mwaka 1965 wagombea wa ubunge walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili asiyejua kusoma naye achague. Picha ikachukua nafasi ya herufi, na yule mzee akaingia.

Ni kosa, lakini, kumaliza somo hapo kana kwamba haki ikishapatikana haipotei. Agosti 2024 tangazo la serikali liliifuta orodha ya vijiji na kata za Tarafa ya Ngorongoro, miezi michache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba. Katika uchaguzi huo mtu huandikishwa kwa makazi yake; pasipo kijiji hapana daftari, na pasipo daftari hapana kura. Wakazi waliandamana, na tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu mjini Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo hilo.

Mwaka 1960 swali lilikuwa: je, mtu huyu ajua kusoma? Mwaka 2024 likawa: je, mtu huyu ni mkazi wa wapi? Mwanafunzi wa kidato cha sita, ambaye huenda ametimiza miaka 18 na kuwa mpiga kura, hana budi kuyajua maswali yote mawili. Asipoyajua, kura kwake yaweza kurudia maana yake ya kale, yaani jambo linalomwangukia tu.