Lori, Santuri na Filamu: Fizikia ya Sinema ya Kutembea

Picha zitembeazo na sauti iliyohifadhiwa ni ndugu wa karne moja, lakini hawakuzaliwa pamoja. Thomas Edison aliunda fonografu mwaka 1877. Akina Lumière walionyesha picha zao kwa watazamaji wa kulipa mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kabla Malkia Victoria hajafariki mwaka 1901, wenye maonyesho walikwisha kuzungusha mitambo ya aina zote mbili katika viwanja vya sikukuu vya Uingereza. Tatizo lao lilikuwa moja: sauti ilikaa katika mashine yake, na picha katika yake.

Tatizo hilo lilifika Tanganyika kwa lori. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walianza jaribio la kuwaelimisha wanavijiji kwa sinema, lililojulikana kwa kifupi kama BEKE. Fikra yake ilitokana na uchunguzi ulioongozwa na J. Merle Davis juu ya athari za migodi ya shaba ya Zambia ya leo kwa maisha ya vijijini. Msomaji wa Geita, ambako mgodi wa dhahabu ulianza kazi katika miaka hiyohiyo ya 1930, ataielewa hoja hiyo upesi. Mojawapo ya filamu za kwanza ilihusu mshahara: mtu aliyezika fedha zake aliibiwa, na mwenzake aliyeziweka katika benki ya posta alisalimika.

Hadi mwaka 1937 zilitengenezwa filamu fupi 35, zenye upana wa milimita 16. Sauti haikuchapwa kwenye filamu, bali ilitiwa katika santuri. Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa gharama, tena ilikuwa na faida kubwa: picha ileile iliweza kusema Kiswahili leo, na lugha nyingine kesho, kwa kubadilisha santuri tu.

Lakini tuitazame hasara yake kwa hesabu. Tuseme filamu inakwenda kwa mwendo wa picha 24 kila sekunde. Filamu ikikatika, na fundi akaondoa picha 12 zilizoharibika ndipo akaiunga, picha itaitangulia sauti kwa nusu sekunde, maana santuri haikupungukiwa na kitu. Ikikatika mara tatu hivyo, tofauti inafikia sekunde moja na nusu. Dawa yake ni kuunga kipande cheusi chenye urefu uleule uliopotea.

Uwanja wenyewe nao huchelewesha sauti. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, ilhali nuru hufika papo hapo kwa kadiri ya macho yetu. Mtu aliyesimama mita 68 kutoka kwenye kipaza sauti huisikia kwa kuchelewa sehemu ya tano ya sekunde.

Mambo hayo yana uzito kuliko yaonekanavyo. Katika miaka hiyo William Sellers, aliyekuja kuongoza Idara ya Filamu za Makoloni iliyoanzishwa mwaka 1939, alishikilia kuwa mwanakijiji wa Afrika hawezi kufuata filamu isipokuwa iwe ya polepole na isiyo na mbinu. Dhana hiyo iliongoza kazi ya miaka mingi. Hata hivyo, tangu miaka ya 1920 watu wa Zanzibar na Dar es Salaam walikuwa wakijaza majumba ya sinema na kufuata filamu za kigeni bila shida. Mtazamaji asipoelewa, sababu zaweza kuwa nyingi: lugha ya santuri, sauti iliyoachana na picha, taa hafifu, au hadithi yenyewe kutomhusu. Mwanasayansi huzipima hizo moja baada ya nyingine kabla ya kuihukumu akili ya mtu.

Walimu wa fizikia wanaweza kulionyesha jambo hili bila projekta. Katika mbuga tambarare za Shinyanga, mwanafunzi mmoja apige ngoma kwa mkono ulioinuliwa juu, na wenzake wasimame umbali wa mita 170. Wataona mkono ukishuka, kisha wataisikia ngoma nusu sekunde baadaye. Waulizwe: kama huyo angekuwa msemaji katika filamu, wangeyaelewa maneno yake? Wajaribu tena katika mita 85, na waandike umbali ambao tofauti haitambuliki tena.