Mbinu na Mkao: Mwanagenzi wa Sataranji Aanze na Lipi?

Mwanagenzi wa sataranji, au chesi kama waitavyo wengi nchini Kenya, hukabiliwa mapema na swali gumu: aanze na lipi? Swali hili lina uzito zaidi mahali kama Mau Narok, kwenye nyanda za juu za Kaunti ya Nakuru. Huko, ngano, shayiri na viazi ndivyo vinavyopanga ratiba ya watu, na kijana hucheza kwa muda unaosalia baada ya masomo na kazi za shamba. Mwenye saa 2 au 3 kwa wiki hana budi kuchagua, na akichagua vibaya aghalabu huvunjika moyo na kuuacha mchezo.

Uchaguzi wenyewe ni baina ya mbinu na mkao. Mbinu ni mfululizo wa hatua chache ambao tokeo lake laweza kuhesabiwa: kete inanyakuliwa, au mfalme anakosa pa kukimbilia. Mkao ni hali ya ubao mzima, yaani usalama wa mfalme, mpangilio wa askari, na nafasi waliyo nayo farasi na maaskofu ya kutembea.

Wengi huanza na mtego wa hatua 4, ambapo malkia na askofu huuvamia mraba unaolindwa na mfalme peke yake. Mtego huu humpa mwanagenzi ushindi wa bwerere dhidi ya wenzake kwa majuma kadhaa. Kisha hutokea mpinzani anayemtoa farasi kuziba njia na kumtimua malkia. Kila malkia anapokimbia, mpinzani huingiza kete nyingine vitani. Baada ya hatua 10 hivi, aliyetega hana tena mbinu yoyote, na hajui ni kwa nini.

Jibu limo katika askari. Askari harudi nyuma kamwe. Kila anaposogezwa, huacha miraba ambayo hataweza kuilinda tena. Farasi wa adui akikita katika mraba usioweza kufikiwa na askari yeyote, hapo ndipo hupata fursa ya kumshambulia mfalme na ngome kwa mruko mmoja. Watazamaji husifu mbinu. Kumbe ilipandwa hatua nyingi nyuma, askari yule aliposogezwa bila sababu. Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa mkulima wa ngano, ambaye anajua kombaini huvuna kazi ya miezi iliyotangulia.

Je, aliyezoea michezo ya jadi ana nafuu? Kwa kiasi. Wamaasai wana enkeshui na Wagikuyu wana giuthi, na jamii zote mbili zinaishi Mau Narok, hivyo kupiga hesabu kwa kete si jambo geni huko. Bao la Kiswahili nalo lina mashimo 32 na kete 64, ilhali sataranji ina miraba 64 na kete 32, ulinganifu unaofurahisha japo ni wa sadfa. Hata hivyo, ipo tofauti isiyopuuzika. Katika bao la Kiswahili, mwenye nafasi ya kula hulazimika kula. Katika sataranji, kula ni hiari. Kuiona kete iliyo wazi na kuiacha ni somo la mkao, na yamkini ndilo gumu kuliko yote.

Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, alilipata somo hilo kwa gharama. Alifunzwa na Robert Katende, na maisha yake yakasimuliwa na Tim Crothers katika kitabu cha mwaka 2012, kisha katika filamu ya mwaka 2016 ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kama mamake. Kwa mujibu wa Crothers, Phiona mwanzoni alicheza kwa pupa, akizitoa kafara kete muhimu ili ashinde upesi, hata alipocheza na kete nyeusi. Alishindwa mara nyingi kabla ya kuukubali utulivu aliohimizwa na mwalimu wake. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Ni vigumu kudhani kwamba utulivu huo ungemwingia kabla ya kushindwa. Mkao haufundishiki kwa mtu ambaye hajaonja adhabu ya kuupuuza.

Kwa hivyo, mwanagenzi mwenye saa chache na aanze na mbinu, lakini kila anaposhindwa aurudie mchezo wake nyuma, hatua kwa hatua, hadi autambue mraba ulioachwa wazi. Aidha, yapo mazoezi yanayofundisha yote mawili kwa pamoja. José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1921, alikianza kitabu chake cha mwaka huo, Chess Fundamentals, kwa kete chache tu ubaoni. Zoezi moja la aina hiyo huhitaji kete 3: wafalme 2 na askari 1. Wafalme hukabiliana, mraba mmoja katikati yao, na yule ambaye ni zamu yake kucheza ndiye anayelazimika kupisha.