Umesamehewa, Mama, Usiendelee Kusubiri Fimbo



Sisi tulio katika kazi ya uuguzi, na tunaotembelea wagonjwa kwa niaba ya kanisa, huulizwa mara kwa mara swali hili na mama anayemuuguza mtoto wodini: "Sista, au Mungu ananiadhibu kwa yale niliyoyafanya zamani?" Alikwisha kutubu siku nyingi. Anashiriki Meza ya Bwana. Lakini moyoni bado anasubiri fimbo.

Tumjibu nini mwenzetu huyu?

Kwanza, tumkumbushe Yohana sura ya 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Malaria huenezwa na mbu, na kipindupindu huletwa na maji na chakula kichafu. Ugonjwa wa mtoto si hati ya madai ya dhambi za mama yake.

Pili, msamaha hautegemei jinsi tunavyojisikia. Ahadi ya 1 Yohana 1:9 imesimama juu ya uaminifu wa Mungu, wala si juu ya wingi wa machozi yetu. Kuungama ni kama kusafisha kidonda: kunauma, na hakufai kufanywa juu juu. Lakini kidonda kikishasafishwa na kufungwa, hatukifungui kila saa kukitazama. Kukichokoachokoa ndiko kunakoingiza vijidudu.

Tatu, toba ya kweli huonekana kwa matendo. Katika Luka 19, Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakununua wokovu kwa fedha hizo. Alionyesha kwamba moyo umegeuka. Nasi kama tulimchafulia jirani jina, twende tukalisafishe pale pale tulipolichafua. Kama tulikula fedha ya kikundi, tuilipe, hata kidogo kidogo.

Nne, aliyesamehewa husamehe. Katika Mathayo 18, mtumwa wa kwanza alidaiwa talanta 10,000, na mwenzake dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Basi deni la kwanza ni ujira wa siku milioni 60! Ukoo mzima usingeweza kulilipa. Lakini tuangalie vizuri: dinari 100 nazo si haba, ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakusema kwamba tuliyotendewa ni madogo. Mume aliyekutoroka, wifi aliyekusingizia, hayo yanauma kweli. Tunasamehe kwa kuwa deni letu lililofutwa lilikuwa kubwa zaidi.

Ila tusichanganye mambo. Kusamehe si kuficha uovu. Mama anayepigwa nyumbani anaweza kumwachia Mungu kisasi, na wakati huo huo akaenda hospitali, akatoa taarifa polisi, na kutafuta mahali pa usalama yeye na watoto wake.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, tumtajie Bwana dhambi zetu kwa majina yake, tumshukuru kwa damu ya Yesu, kisha tulale. Kesho tukiamka, tusianze tena kulipa deni lililokwisha kufutwa. Watoto wanahitaji mama mwenye amani.