Mashini Nayo Inataka Hewa, Kama Shimo

Ndugu wachimbaji na familia zenu, leo tunaacha kidogo habari za kodi na vibali. Tunasema juu ya laptopu, sababu sasa iko katika nyumba nyingi hapa Bukavu. Mchana mtoto wa chuo anaandikia kazi yake. Usiku wadogo zake wanachezea mpira.

Ofisi yetu nayo iko na moja. Ndani yake tunaweka majina ya wanaochangia sanduku la misaada, na mafungu ya wajane ambao waume zao walifia shimoni. Jioni vijana wetu walibaki wakicheza mpira. Baada ya nusu saa ventilateri inalia kama motopompe, picha inakwama, kiisha mashini inazimika yenyewe. Siku moja ikakataa kuwaka, na kesho yake ilikuwa siku ya kugawa misaada. Wajane walikuja, wakakaa kwenye benchi, na sisi hatukuwa na lisiti ya majina. Tuligombeza vijana sana.

Tukaipeleka kwa fundi kule Kadutu. Alifungua kifuniko cha chini, akatuonyesha vumbi limeganda mbele ya ventilateri kama blanketi.

"Bapapa, hii mashini haiko mugonjwa. Inakosa tu pumuzi."

Tulinyamaza. Sisi tunaojua shimo bila hewa linafanya nini, ndio tuliacha mashini yetu izibwe miaka yote.

Iko hivi. Ukiandika barua, prosesa, ndiyo akili ya mashini, inafanya kazi kidogo. Ukicheza, inachora picha makumi kwa kila sekunde, na joto linapanda. Bomba dogo la shaba linabeba joto, ventilateri inalitoa nje. Prosesa nyingi zikikaribia digri 100 zinapunguza mwendo zenyewe. Njo maana picha inakwama. Joto likizidi, mashini inajizima isiungue. Ni onyo, sawa na mchanga unaodondoka kwenye ukuta wa shimo kabla haujaanguka.

Wengine wanasema Bukavu ni baridi, tuko karibu mita 1.500 juu ya bahari. Baridi ya nje haisaidii kama mlango wa hewa umezibwa. Na kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, vumbi letu linaingia kila mahali.

Basi tufanye hivi:

Mashini ikae juu ya meza au ubao. Hapana kuiweka juu ya godoro, kitenge wala magoti. Hewa inaingilia chini.

Vumbi litolewe kila baada ya miezi michache. Zima, chomoa umeme, shika ventilateri isizunguke, tumia brashi laini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia.

Kama imezeeka, fundi abadilishe pate termike, ule uji mzito kati ya prosesa na shaba. Ukikauka, joto halipiti vizuri.

Ndani ya mchezo, punguzeni ubora wa picha. Mpira utachezeka tu.

Batri ikivimba, acheni kuitumia palepale. Usiitoboe, inaweza kuwaka moto.

Na majina yote muhimu yawekwe pia kwenye kle, tena kwenye daftari la karatasi.

Ndani ya mashini hizi kuko etani inayotoka kwenye kasiterite, kuko tantali ya koltani, kuko dhahabu kidogo kwenye viungo. Hatusemi imetoka shimo lako au letu. Lakini mchimbaji mahali fulani aliitolea jasho, na familia ililipa pesa nyingi kuinunua. Kuiacha iungue kwa sababu ya vumbi ni hasara mara mbili.

Wajane walipata mafungu yao siku mbili nyuma. Vijana nao tuliwaomba msamaha. Bado wanacheza, lakini mashini iko juu ya meza.