Zimwi, Jini na Mtu: Majina ya Viumbe vya Kutisha katika Michezo ya Video na katika Masimulizi ya Bukoba na Muleba

Mwezi wa Machi 2009 kampuni ya Capcom ya Osaka, katika nchi ya Japani, ilitoa mchezo wa video uitwao Resident Evil 5. Mchezo huo ni mmoja katika mfululizo ulioanza mwaka 1996, nao ni wa aina ile ambayo kusudi lake kubwa ni kumtia mchezaji hofu. Mchezaji hupitishwa katika njia nyembamba na majumba yaliyoachwa, na kila apitapo hukabiliwa na viumbe vinavyotaka kumwua. Jambo linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni hili: viumbe vikuu vya mchezo huo huitwa Majini, na wanakijiji waliogeuka kuwa viumbe hivyo husikika wakitamka maneno ya Kiswahili. Hivyo lugha ya Afrika Mashariki imeingia katika nyumba za mamilioni ya watu wasioijua, nayo imeingia ikiwa lugha ya mazimwi.

Makala haya yanachunguza majina ya viumbe vya kutisha, na yale ambayo majina hayo hufanya kwa mtu anayepewa. Wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, zimechukuliwa kuwa mahali pa kulinganishia kwa sababu mbili. Kwanza, masimulizi ya Wahaya yana viumbe vya kutisha ambavyo maana yake yafahamika wazi. Pili, wakazi wa wilaya hizo wamekutana zaidi ya mara moja na swali ambalo mchezo huu unalijibu kwa bunduki, yaani: mgonjwa, au mtu mwenye umbo lisilo la kawaida, ahesabiwe kuwa nani?

I. Shina -zimu na upatanisho wake

Kiswahili kina jamii ya maneno yaliyojengwa juu ya shina -zimu, ambalo ni la kale na limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa. Kuzimu ni mahali wakaapo wafu. Wazimu ni hali ya mtu ambaye akili yake imeingiliwa. Zimwi nalo huhusishwa na shina hilo hilo, na Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili vya Wabantu, aliliweka pamoja na irimu wa Wakikuyu na Wachaga na amazimu wa Wazulu.

Yafaa kuangalia ngeli za maneno haya. Mzimu umo katika ngeli ya M-/MI-, pamoja na mti na mto. Mtu aliyekuwa wa ngeli ya M-/WA- alipokuwa hai amehamishwa, lakini hakutupwa mbali. Zimwi limo katika ngeli ya JI-/MA-, ambayo, kama E. O. Ashton alivyoeleza katika sarufi yake ya mwaka 1944, ndiyo pia ngeli ya kukuza vitu: mtu akawa jitu, nyoka akawa joka. Ukuzaji huo mara nyingi hubeba dharau au hofu pamoja nao. Hata hivyo Kiswahili kina kanuni nyingine inayopingana na hiyo, kwamba kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa M-/WA- hata kama jina lake ni la ngeli nyingine. Kwa hiyo msemaji ana hiari. Aweza kusema “jitu huyu amekuja”, akambakizia kiumbe huyo sehemu ya utu. Au aweza kusema “jitu hili limekuja”, akamwondolea yote.

Methali isemayo “Zimwi likujualo halikuli likakwisha” ni ushahidi mzuri. Upatanisho wake ni wa LI-, yaani zimwi halikupewa utu wa kisarufi hata kidogo. Lakini maana ya methali yaelekea upande mwingine kabisa: zimwi hilo linakujua, na kujuana huko ndiko kunakokuokoa. Sarufi inaliweka nje ya watu, na hekima inalirudisha nyumbani miongoni mwa jamaa. Mvutano huu kati ya kiambishi na maana ndio msingi wa hoja inayofuata.

Neno jini lina historia nyingine. Limetoka katika Kiarabu, na katika mafundisho ya Kiislamu majini ni viumbe walioumbwa, wenye kuwajibika mbele ya Mungu kama wanadamu. Sura ya 72 ya Kurani ina jina lao, nayo inataja kuwa miongoni mwao wamo wema na waovu. Watu wa pwani huzungumza juu ya majini wenye dini, wenye kabila na wenye tabia. Kulifasiri neno hilo kwa “pepo wabaya” tu ni kuchukua nusu ya maana na kuiacha nusu.

II. Kuzimu kwa Wahaya

Katika Kihaya roho za wafu huitwa emizimu, na umoja wake ni omuzimu. Ngeli yake ni ile ile ya omuti na emiti, sawasawa na Kiswahili. Juu ya hao wapo Abachwezi, ambao masimulizi huwataja kuwa watawala wa kale waliotoweka na kuwa roho zenye nguvu. Miongoni mwao wamo Wamara, anayehusishwa na wafu. Irungu, mwenye mapori na wanyama. Na Mugasha, mwenye ziwa, upepo na dhoruba. Kwa watu wanaokaa ukingoni mwa ziwa la Viktoria na kuvua samaki humo, Mugasha hakuwa wa kuchezewa. Hasira yake ilikuwa kitu ambacho mvuvi aliweza kukiona kikija juu ya maji.

Simulizi moja, ambayo husimuliwa kwa namna mbalimbali, yaeleza jinsi kifo kilivyowafikia Abachwezi. Wamara na wenzake walishuka okuzimu, wakapokewa na Kintu, mtawala wa huko. Kintu aliwakirimu, akawapa ng'ombe na mbegu, naye alitazamia kwamba wema huo utarudishwa. Wamara aliporudi juu alisahau. Ndipo Kintu alipomtuma Olufu, ambaye jina lake maana yake ni Kifo, amfuate Wamara na kumdai.

Kwa kadiri ya simulizi hii, mwenye kutisha hana haja ya meno wala kucha. Olufu ni mjumbe, naye amekuja kwa haki. Nguvu yake ya kutisha imo katika deni ambalo msikilizaji anajua kwamba halikulipwa. Kwa sababu hiyo kumpiga Olufu hakungeweza kumaliza shida. La kumaliza shida lilikuwa ni shukrani, na wakati wake ulikwisha kupita. Sanaa ya enanga, yaani tendi ziimbwazo kwa kufuatana na ala ya nyuzi yenye jina hilo, imehifadhi mengi ya mawazo haya. M. M. Mulokozi aliichunguza kwa kirefu katika tasnifu yake ya mwaka 1986 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

III. Majini wa Kijuju

Katika Resident Evil 5 mambo hutukia katika eneo la kubuni liitwalo Kijuju, ambalo limewekwa Afrika Magharibi. Jina lenyewe ni mchanganyiko: juju ni neno lijulikanalo kwa uchawi wa Afrika Magharibi, na ki- ya mwanzo inafanana na kiambishi cha Kibantu. Majina mengine yamechukuliwa katika Kiswahili bila kufuata sarufi yake. Kimelea kirukacho huitwa Kipepeo. Kiumbe mkubwa mwenye umbo la popo huitwa Popokarimu, ingawa hana ukarimu wowote. Mdudu arukiaye kichwa huitwa Bui Kichwa. Hapa neno buibui limekatwa katikati, na nusu iliyobaki si jina la mdudu yeyote katika Kiswahili cha kawaida. Jina Majini nalo hutumiwa kwa mmoja na kwa wengi pia, maana wachezaji hawajui kwamba ma- ni alama ya wingi. Kwa hiyo hata jini mmoja hana umoja wake. Kila mmoja ni kundi.

Makosa hayo ya sarufi yangekuwa ya kuchekesha tu kama yasingeambatana na jambo zito zaidi. Majini wa mchezo huo walikuwa wanakijiji, nao waligeuka kwa sababu ya kimelea kinachoingizwa vinywani mwao. Kwa maneno mengine, ni wagonjwa, tena wameambukizwa na watu wengine kwa makusudi. Lakini mchezo haumpi mchezaji njia yoyote ya kuwaponya. Njia iliyopo ni kuwaua. Jill Valentine, askari wa kigeni ambaye naye anatawaliwa kwa dawa, huweza kuvuliwa chombo kilichofungwa kifuani pake na kurudishiwa akili zake. Picha za kwanza za mchezo zilipoonyeshwa mwaka 2007 ulizuka ubishi mkubwa, kwa kuwa Mzungu alionekana akiwapiga risasi Waafrika wengi. Ni kweli kwamba mwenzake katika mapigano, Sheva Alomar, ni Mwafrika. Lakini hilo halibadili ukweli kwamba mmoja alirudishiwa jina lake na wengine wote wakabaki Majini.

Isidhaniwe kwamba michezo yote ya kutisha iko hivyo. Katika Silent Hill 2, uliotolewa na kampuni ya Konami mwaka 2001, mtu mmoja anafuatwa na jitu lenye kichwa cha chuma cha umbo la piramidi. Mwishoni yafahamika kwamba mtu huyo alimwua mke wake aliyekuwa mgonjwa, na kwamba jitu hilo limetokana na hatia yake mwenyewe. Anapokiri kosa, jitu halina kazi tena. Msikilizaji wa simulizi ya Wamara asingeona ugeni katika habari hiyo, kwa maana zimwi hilo, kama lile la methali, linamjua mtu wake.

Basi kuna aina mbili za viumbe vya kutisha. Aina ya kwanza humrudisha mtu kwenye deni au kosa lake, na ishara yake ni uhusiano. Aina ya pili humwonyesha adui asiye na uhusiano naye, na ishara yake ni kundi lisilo na majina. Michezo hii huchezwa sasa katika miji ya Tanzania pia, majumbani na katika vibanda ambamo vijana hulipia muda wa kucheza. Na kijana ajuaye Kiswahili anayeucheza Resident Evil 5 anapiga risasi midomo inayosema lugha yake.

IV. Ugonjwa, umbo na jina

Tofauti hiyo ya aina mbili imeonekana katika maisha ya mkoa wa Kagera, mbali na michezo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujafahamika vema, watu waliuita Juliana, jina la aina ya nguo iliyoletwa kwa biashara ya mpakani, na wengine waliutafsiri kuwa ni uchawi. Aldin Mutembei, katika utafiti wake uliochapwa Leiden mwaka 2001, alieleza jinsi sitiari za ugonjwa huo zilivyobadilika katika fasihi simulizi ya Wahaya. Lugha rasmi nayo ilibadilika. Badala ya kumtaja mgonjwa kwa ugonjwa wake, ikaanza kusema “watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI”. Maneno ni marefu, lakini neno la kwanza ni watu, na viambishi vyote vinavyofuata vinalitii.

Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, ambao asili yake huhusishwa na popo, ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba. Watu 6 walikufa kabla mlipuko huo haujatangazwa kuwa umekwisha mwezi wa Juni. Waliokaa na wagonjwa walitafutwa mmoja mmoja kwa majina yao na kuangaliwa kila siku. Hiyo ndiyo kinyume cha Kijuju: ugonjwa wenyewe ulihesabiwa kuwa adui, na kila mtu aliyeguswa nao alibaki na jina.

Jambo chungu zaidi lilitukia Muleba. Mwishoni mwa Mei 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao katika eneo la Kamachumu, na mwezi uliofuata mwili wake ulipatikana ukiwa umekatwa viungo. Mauaji ya namna hii yamefanyika katika sehemu mbalimbali za Tanzania, na moja katika imani zinazoyasaidia ni ile isemayo kwamba watu hao hawafi bali hutoweka, kana kwamba ni mizimu tangu kuzaliwa. Neno la zamani, zeruzeru, lenye wingi mazeruzeru, liliwaweka katika ngeli moja na mazimwi na majitu. Haingekuwa sahihi kusema kwamba ngeli huua. Lakini anayekusudia kuua mtoto hupata nafuu iwapo lugha imekwisha kumwambia kwamba huyo si mtoto kamili. Istilahi “mtu mwenye ualbino”, inayotumiwa sasa katika maandishi rasmi, imekusudiwa kumnyima nafuu hiyo.

Yatokanayo na uchunguzi huu ni mawili. Kwa watungaji wa istilahi na wafasiri, uchaguzi kati ya “huyu” na “hili” ni uchaguzi wa maana, nao hauwezi kuachwa kuwa jambo la mtindo tu. Kwa watungaji wa michezo, ambao pengine baadhi yao watatoka Bukoba na Muleba zenyewe, hazina ya masimulizi imekwisha kuwekwa tayari. Humo yumo Mugasha juu ya maji, na Kintu okuzimu akingoja shukrani, na Olufu ajaye kudai. Mchezo uliojengwa juu ya hao ungeweza kumtisha mchezaji hata usiku asilale, na bado asingelazimika kumwua mwanakijiji hata mmoja. Angelazimika kukumbuka ana deni la nani.