Pori Lile la Malagarasi Lina Wenyewe

Barabara kati ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hupita kwenye miyombo kwa kitambo kirefu. Vijito huteremka mabondeni kuufuata mto Malagarasi, hewa ni ya ubaridi, na nyumba ziko mbalimbali. Mtu aliyechoshwa na jiji huanza kuuliza bei ya ekari kabla hajashuka garini.

Ajue kwanza kwamba pori lile si tupu. Akiinua macho ataona mizinga ya nyuki mitini, na kila mzinga una mwenyewe. Kiangazi, wanakijiji hulima maharage na mboga penye unyevu bondeni. Kisha kuna historia: mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwahamisha Waha wengi, wenyeji wa eneo hili, kutoka makazi yao ya kutawanyika hadi vijiji vya pamoja, wakaacha mahame nyuma yao. Eneo linaloonekana halijaguswa laweza kuwa boma la babu wa mtu.

Kwa hiyo makubaliano na muuzaji peke yake hayatoshi, hata kama pesa imehesabiwa mbele ya mashahidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, iisimamie kwa niaba ya wanakijiji. Asiye mkazi huhitaji idhini ya halmashauri hiyo, na awe na nia ya kuishi au kufanya kazi kijijini. Likitakiwa eneo jipya la kugawiwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Kinachotolewa ni hati ya hakimiliki ya kimila. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano si hati, na wengi wamepoteza akiba yao kwa kudhani ndiyo. Mke wa muuzaji naye asikike; mara nyingi ndiye anayelima hapo.

Anayeota kibaraza kando ya maji atakutana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Katazo hilo lina maana kubwa hapa. Maji ya Malagarasi hulisha ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Mipaka ya hifadhi nayo ichunguzwe. Wilayani Kasulu, wakulima na wasimamizi wa msitu wa Makere Kusini wamevutana kwa miaka. Ramani ya matumizi bora ya ardhi, kama kijiji kinayo, huonyesha wapi ni mashamba, wapi malisho na wapi msitu. Iombwe ofisi ya kijiji, kisha mipaka itembelewe pamoja na majirani wa pande zote, ikiwezekana wakati wa mvua, maji yanapoonekana yanafika wapi.